Mafunzo ya siku tatu ya rasilimali watu na sheria za kazi: nusu moja ilistahili ada

Mwaka juzi kiwanda kidogo cha mikate ninachokifanyia kazi mjini Morogoro, chenye waajiriwa 34, kilimwachisha kazi mwokaji mmoja aliyekutwa akiuza unga wa kiwanda nyuma ya ghala. Mashahidi walikuwepo, mifuko ilikuwepo, na mwenyewe hakukana. Tulimwandikia barua ya mistari minne asubuhi ile ile na ikawa basi. Wiki ya tatu ikaja fomu kutoka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na baada ya vikao viwili vya usuluhishi tulimlipa mtu aliyetuibia mishahara ya miezi mitano, kwa sababu hatukuweza kuonyesha karatasi hata moja inayothibitisha kwamba alisikilizwa kabla ya kufukuzwa. Mkurugenzi, ambaye si mtu wa kutoa fedha kwa ajili ya semina, aliniita akasema nitafute mahali pa kujifunza mambo haya kabla hatujaibiwa na mtu mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyofika Dar es Salaam, katika ukumbi wa ghorofa ya tatu maeneo ya Kijitonyama, kuhudhuria mafunzo ya msingi ya usimamizi wa rasilimali watu na sheria za kazi yanayotolewa na kampuni binafsi ya ushauri. Ada ilikuwa shilingi 480,000 kwa mshiriki, ikijumuisha kabrasha, cheti, chai ya saa nne na chakula cha mchana, lakini si malazi. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa malalamiko yangu nimeshawaandikia wao moja kwa moja, na pia kwa sababu ninayoyasema hapa yanahusu namna mafunzo ya aina hii yanavyotolewa kwa jumla kuliko kampuni moja. Yeyote aliyewahi kukaa katika kumbi hizi atatambua mengi.

Nianze na siku ya kwanza, ambayo nisingeilipia tena hata kwa nusu ya bei. Siku hiyo ilikuwa ya usimamizi wa rasilimali watu, na mwezeshaji wake, kijana mtanashati mwenye sauti nzuri, alitumia saa sita kutuonyesha slaidi zilizoandikwa kwa Kiingereza na kuzieleza kwa Kiswahili kilichochanganywa. Tuliiona piramidi ya mahitaji ya Maslow. Tuliona duara lenye mishale ikielekea kwenye duara jingine. Tuliambiwa kwamba mfanyakazi ndiye rasilimali kubwa kuliko zote, jambo ambalo kila mshiriki alikuwa amelisikia katika hotuba ya Mei Mosi ya mwaka wowote atakaoukumbuka. Mhasibu wa shule moja ya binafsi alipouliza afanyeje upangaji wa mishahara wakati walimu wawili wenye sifa zinazolingana waliajiriwa kwa nyakati tofauti na kwa viwango tofauti, alijibiwa kwamba hilo ni suala la sera ya taasisi. Huyo mama alikuwa amesafiri kutoka Singida kwa ajili ya kuitafuta sera hiyo.

Upimaji wa utendaji kazi ulifundishwa kwa fomu za mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, ule uliokuwa ukitumika serikalini tangu 2004 na ambao wengi tunaujua kwa jina la OPRAS. Serikali yenyewe imeshauacha na kuhamia mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Lakini hata kama ungekuwa haujaachwa, mwenye kiwanda cha mikate hana afisa bajeti wala malengo ya kimkakati ya wizara. Ana waokaji wanane, madereva watano, wauzaji wa dirishani na mama anayesafisha mabati. Alichohitaji ni ukurasa mmoja unaoonyesha namna ya kuandika kwamba mkate wa fulani umeungua mara tatu ndani ya mwezi, kwamba alielezwa, kwamba alielekezwa upya, na kwamba alipewa muda wa kujirekebisha. Ukurasa huo, kama nilivyokuja kugundua kesho yake, ni ushahidi wa kisheria. Siku ya kwanza hakuna aliyetuambia hivyo, na hapo ndipo lilipo kosa kubwa la mafunzo haya: waliyagawa masomo mawili kana kwamba yanatoka katika ofisi mbili tofauti, ilhali kwenye meza ya mtu kama mimi ni faili moja.

Siku ya pili aliingia mwezeshaji mwingine, mzee aliyefanya kazi za uamuzi wa migogoro kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, akiwa na nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, iliyochakaa na kujaa vipande vya karatasi kila pembe. Hakuwasha projekta. Alianza kwa kutuuliza kila mmoja ana waajiriwa wangapi, kisha akauliza wangapi kati yao wana maelezo ya ajira yaliyoandikwa. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Akatueleza kwamba sheria inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi mwanzoni mwa ajira, yakiwemo jina, kazi anayoifanya, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira, na kwamba kumbukumbu hizo zinapaswa kutunzwa kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Halafu akasema jambo lililonikaa kichwani hadi leo: mgogoro ukifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kuyaonyesha maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unabaki kwake. Mfanyakazi akisema tulikubaliana shilingi 400,000, na wewe ukasema ni 300,000 lakini huna karatasi, usitarajie hakimu akusaidie kukumbuka.

Nilipenda namna alivyoendesha hesabu. Hakutupa kanuni tupu bali alimchukua mfanyakazi wa kufikirika anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki na saa 45, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki. Jedwali la sheria linaugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki. Ukigawa tena kwa siku 6 unapata takriban shilingi 20,000 kwa siku, na ukigawa wa wiki kwa saa 45 unapata karibu shilingi 2,667 kwa saa. Kutoka hapo kila kitu kilifunguka. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 4,000. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, hivyo aliyefanya kazi miaka minne anastahili shilingi 560,000. Kazi ya usiku, ambayo sheria inaihesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Hapo kwenye usiku ndipo nilipoacha kuandika na kuanza kuhesabu kwa siri pembeni mwa kabrasha. Waokaji wetu huingia saa 6 usiku ili mkate uwe dukani alfajiri. Kila mmoja ana saa 6 za usiku kwa zamu, sawa na nyongeza ya shilingi 800, na kwa zamu 26 za mwezi ni shilingi 20,800. Ukizidisha kwa waokaji wanane unapata shilingi 166,400 kwa mwezi ambazo kiwanda hakijawahi kuzilipa, si kwa ubaya, bali kwa sababu kila mtu, wakiwemo waokaji wenyewe, aliamini kwamba kuoka usiku ndiyo kazi yenyewe. Mzee alipopita karibu na meza yangu aliangalia tarakimu zile na hakusema neno, akaendelea kutembea. Kwa dakika ile peke yake ada ilikuwa imerudi, ingawa sikuwa na hakika kwamba mkurugenzi angeiona hivyo.

Meneja wa kampuni ya ulinzi aliyekaa mbele yangu aliuliza kuhusu walinzi wake, wanaofanya kazi saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Mzee alimjibu polepole, hatua kwa hatua. Saa 12 kwa siku si kosa, kwa kuwa sheria inaruhusu hadi saa 12 pamoja na za ziada. Lakini saa 72 kwa wiki ukitoa 45 zinabaki 27, na kwa wiki nne ni saa 108 za ziada, wakati sheria imeweka kikomo cha saa 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Akamwonyesha pia mlango ambao sheria imeuacha wazi: mwajiri na mwajiriwa wanaweza kukubaliana kwa maandishi wiki iliyobanwa, ambapo mtu hufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila kulipwa za ziada, ilimradi hazidi siku 5 kwa wiki, saa za kawaida hazizidi 45 na za ziada hazizidi 10. Meneja yule alinyanyua kichwa akauliza kama anaweza kupata mfano wa makubaliano hayo. Hakukuwa na mfano ndani ya kabrasha. Hili nitalirudia.

Kuhusu likizo alipita haraka, na alikuwa na haki, kwani mengi yanajulikana: siku 28 za likizo ya mwaka, siku 84 za uzazi na 100 kwa anayejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, siku 3 kwa baba, siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Alichokikazia ni kwamba siku 28 hizo zinahesabu na sikukuu zinazoangukia ndani yake, jambo ambalo wafanyakazi wengi hulipinga, na kwamba mjamzito hapaswi kupangiwa zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Kwa kiwanda kinachooka usiku, hilo la mwisho si dogo.

Mchana wa siku ya pili hadi saa sita ya siku ya tatu ndiyo sehemu bora kuliko zote, na ningemshauri mtu alipie mafunzo haya kwa ajili yake peke yake. Somo lilikuwa kuachishwa kazi. Mzee aliuchora ubao katikati kwa mstari, upande mmoja akaandika "sababu" na upande wa pili "utaratibu", akasema mwajiri wa Tanzania hushinda upande wa kushoto na kushindwa upande wa kulia. Sheria inataka vyote viwili: sababu halali inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kupatana kwake na kazi au mahitaji ya uendeshaji, pamoja na utaratibu wa haki, na ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba vyote vilikuwepo. Alitusomea Kanuni za Utendaji Bora, zile zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, polepole kama mtu anayesoma wosia. Uchunguzi kwanza. Kisha tuhuma kwa maandishi, kwa lugha ambayo mwajiriwa anaielewa. Kisha muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kisha kikao chenye mwenyekiti wa ngazi ya juu inayofaa asiyehusika na mkasa wenyewe, na mwajiriwa akiwa na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Halafu akaendesha kikao cha nidhamu cha kuigiza. Mimi nilipewa uenyekiti. Mtuhumiwa alikuwa mwanamke anayemiliki mabasi mawili ya abiria, akiigiza kondakta aliyekula nauli, na aliigiza vizuri mno kiasi cha kunitia mashaka kuhusu ujana wake. Nilifungua kikao kwa kumwambia mtuhumiwa ajitetee. Mzee akagonga meza. Akaniuliza nimemsikia nani akimshtaki. Sikuwa nimemsikia yeyote. Nilikuwa nimelisoma faili na kuamua. Tukaanza upya: uongozi uwasilishe shauri lake na mashahidi wake, mtuhumiwa awaulize maswali, ndipo ajieleze na kuleta wa kwake. Nilipofikia uamuzi kwamba kosa limethibitika, nikatamka hapo hapo kwamba ameachishwa kazi, na meza ikagongwa mara ya pili. Bado mtuhumiwa hakuwa amepewa nafasi ya kueleza yanayoweza kumpunguzia adhabu, kama vile miaka aliyofanya kazi bila onyo. Mara ya tatu meza iligongwa tulipokuwa tumekwisha kumaliza, kwa sababu katika karatasi za zoezi lile mimi ndiye niliyekuwa nimeandika barua ya kumsimamisha kazi, hivyo sikupaswa kukalia kiti hicho tangu mwanzo. Wenzangu walicheka sana. Mimi nilikuwa nikimfikiria mwokaji wetu na barua yake ya mistari minne, ambayo nayo niliiandika mimi.

Kulikuwa na mtego mmoja ambao sikuwahi kuusikia. Waajiri wengi, mfanyakazi akiiba, hukimbilia polisi kwanza, wakiamini kwamba jalada la polisi litawapa nguvu. Mzee alitusomea kifungu kinachokataza kumpa adhabu ya kinidhamu au kumwachisha kazi mwajiriwa aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ni lile lile, hadi mahakama itoe uamuzi wa mwisho pamoja na rufaa zake. Na mwajiri akimsimamisha kazi wakati huo, kanuni zinataka kusimamishwa huko kuwe kwa malipo kamili. Mwenye mabasi aliacha kuigiza akauliza kwa sauti yake halisi: kwa hiyo nimlipe aliyeniibia akae nyumbani kwa miaka miwili? Akajibiwa kwamba ndiyo maana kikao cha nidhamu hukaliwa mapema, kwa utaratibu wake, kabla mashtaka hayajafunguliwa. Sidhani kama kuna mtu katika ukumbi ule atakayelisahau jibu hilo.

Suala la muda wa majaribio lilichukua karibu saa nzima na halikuisha vizuri. Kanuni zinasema majaribio yawe ya muda unaofaa usiozidi miezi 12, na wakati huo huo sheria inasema sehemu ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mwajiriwa aliyetumikia chini ya miezi 6. Washiriki walitaka kusikia kwamba mtu wa majaribio unaweza kumwondoa utakavyo. Mzee alikataa kuwapa raha hiyo. Alisisitiza kwamba hata huyo anatakiwa aelezwe mapungufu yake, apewe nafasi ya kujibu na muda wa kujirekebisha, na kwamba kurefusha majaribio kila mara ili kukwepa wajibu ni kujitafutia kesi. Lakini kuhusu yule aliye katika mwezi wa tisa wa majaribio, ambaye miezi 6 imeshampita na bado hajathibitishwa, majibu yake yalizunguka. Ningependa aseme waziwazi kwamba eneo hilo lina ubishi kisheria, badala ya kutuacha kila mmoja aondoke na tafsiri yake.

Sasa nirudi kwenye malalamiko, ambayo si machache.

La kwanza ni kutowachuja washiriki. Tulikuwa 22, na miongoni mwetu alikuwepo ofisa utumishi wa halmashauri moja na dada anayesimamia wafanyakazi katika hoteli ya Unguja. Sheria tuliyofundishwa inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, kwa kuwa mambo ya kazi si ya Muungano. Dada yule alikuwa amelipa ada, nauli ya boti na siku nne za nyumba ya wageni, na aliambiwa hilo mchana wa siku ya pili, tena kwa sababu aliuliza mwenyewe. Yule ofisa wa halmashauri naye yuko chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ambayo inamtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za rufaa za ndani ya utumishi kabla ya kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Swali moja tu kwenye fomu ya kujiandikisha lingewaokoa wote wawili. Walipoomba kurudishiwa sehemu ya ada waliambiwa kwamba maarifa hayapotei bure.

La pili ni kabrasha. Lilikuwa na kurasa 140, na zaidi ya nusu ilikuwa slaidi za siku ya kwanza zilizochapwa sita kwa ukurasa, herufi zikiwa ndogo kama za karatasi ya dawa. Sehemu ya sheria ilikuwa imeandaliwa kabla ya marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, hivyo haikuwa na habari za nyongeza ya likizo kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Mzee alitusahihisha kwa mdomo, tukaandika pembeni kwa kalamu. Kwa shilingi 480,000 mtu anatarajia karatasi iliyosahihishwa. Kibaya zaidi, nyaraka tulizozihitaji hazikuwemo: mfano wa maelezo ya ajira, mfano wa barua ya tuhuma, fomu ya muhtasari wa kikao cha nidhamu, makubaliano ya wiki iliyobanwa. Tuliahidiwa kutumiwa kwa barua pepe "ndani ya wiki hii". Nilizipata siku ya kumi na tisa, baada ya kupiga simu mara nne, na barua ya tuhuma ilikuwa bado na jina la mfanyakazi wa kampuni nyingine. Kwa watu waliotufundisha dakika arobaini kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo lilinishangaza. Niliifuta nakala ile na kuwaarifu, walinishukuru.

La tatu ni lugha, na hapa nakiri kwamba lawama haiwaangukii wao peke yao. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, na mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, lakini ukumbini bado kila istilahi ilibidi ibishaniwe. Wapo waliokuwa wakiita kiinua mgongo malipo ya aina tatu tofauti: fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, malipo ya mwisho wa mkataba, na yale ya siku 7 kwa mwaka. Kwa robo saa watu walijadiliana kwa ukali kuhusu jambo ambalo hawakuwa wakilizungumzia wote. Kabrasha lenye ukurasa mmoja wa istilahi lingemaliza ugomvi huo kabla haujaanza, na yule mzee, ambaye Kiswahili chake cha sheria ni safi kuliko cha magazeti, angeweza kuuandika kwa jioni moja.

Makato ya kisheria yaliguswa kwa dakika ishirini za mwisho huku wahudumu wakipanga viti vya kupiga picha: asilimia 20 ya NSSF kati ya mwajiri na mwajiriwa, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, tozo ya ufundi stadi kwa mwenye waajiriwa 10 au zaidi. Kwa mhasibu halina jipya. Kwa mwenye biashara anayeanza, lilistahili asubuhi nzima, na ningeikata kutoka siku ya kwanza bila kusita.

Cheti nimepewa, kina muhuri wa dhahabu, na kilikabidhiwa kwa sherehe ndefu kuliko kipindi cha makato. Chakula kilikuwa kizuri. Samaki wa siku ya tatu alinisahaulisha kwa muda mambo ya projekta.

Kwa hiyo, je, ningemshauri mtu alipie? Kama ni mwanasheria au ofisa rasilimali watu aliyesomea kazi hiyo chuoni, hapana, hatapata jipya isipokuwa zoezi la kikao. Kama yuko Zanzibar au katika utumishi wa umma, aulize kwanza kwa maandishi na asubiri jibu kabla ya kulipa. Lakini kama ni mtu kama mimi, aliyeajiriwa kuwa karani na siku moja akajikuta ndiye idara nzima ya wafanyakazi, basi na aende, afike siku ya pili asubuhi, na ajaribu kupatana nao ada ya siku mbili. Mwenzangu mmoja kutoka Kibaha alifanya hivyo akakubaliwa kwa shilingi 350,000, na wala hakukosa kitu.

Niliporudi Morogoro nililala siku moja kisha nikafungua kabati la mafaili. Kati ya waajiriwa 34, kumi na mmoja hawakuwa na maelezo ya ajira yaliyosainiwa, na watatu kati ya hao wamekuwa kiwandani tangu tanuri la kwanza linunuliwe. Hadi ninapoandika haya tumekamilisha saba. Nyongeza ya usiku ilianza kulipwa mwezi uliofuata. Malimbikizo ya nyuma bado yanajadiliwa baina ya mkurugenzi na waokaji, na mimi nimeombwa niandae hesabu, ambayo ninaifanya kwa kugawa kwa 4.333.